Kusafisha Tangazo la Marehemu

Mimi subira sina. Yeyote wa mtaa wetu wa Dilala aliyewahi kuniletea karatasi za kufotokopi, kisha akasimama mlangoni kunihadithia mambo ya shemeji yake, anajua. Namwambia: weka, kaa, au nenda. Ndiyo maana nilijishangaa mwenyewe asubuhi ile mama mmoja mjane alipoingia ofisini kwangu na kitambaa cheusi kichwani, akavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, nami nikanyamaza.

Nilimjua tangu utotoni. Nyumba yetu na yao zilitazamana kule Kapata, katika zile safu za nyumba za kampuni ambazo mgeni akitumwa chumvi anarudi kwenye mlango usio wake. Wazazi wake na wa mume wake waliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa kaskazini mwa Katanga. Watoto tulikula sahani moja, hakuna aliyeuliza mwenzake ametoka wapi.

"Mama," akaniambia, ingawa angeweza kunizaa, "nitafutie bwana yangu mu internet."

Bwana yake alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma. Tangazo lake nililiweka mimi kwenye tovuti ya chama cha kusaidiana cha familia za Kasai pale Kapata: picha yake akiwa na koti na tai, jina, ukoo, watoto aliowaacha, siku ya kumzika. Tovuti hiyo ni kazi ya mikono yangu, na shughuli yake ni matangazo ya vifo tu. Watu wametawanyika, huyu yuko Kananga, yule Zambia, mwingine Ulaya, na radio ya hapa haiwafikii. Mtu akiandika jina la ndugu yake kwenye mashine ya kutafutia, tangazo linatokea, naye analia hukohuko aliko.

Nikaandika jina la mzee. Kikatokea mchezo wa kubeti. Chini yake dawa za nguvu za kiume. Chini yake kubeti tena, kwa lugha ambayo hata herufi zake sizijui. Nikafungua ukurasa unaofuata, na unaofuata tena. Mzee hayumo.

"Alienda wapi?" mama akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajifanya nabonyezabonyeza, nikamuuliza kwa nini anamtafuta mume wake leo, wakati kaburi lake analijua. Ndipo akaniambia, pole pole, huku akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Binti yake wa kwanza aliondoka zamani, akimfuata mwanamume ambaye baba yake alimkataa. Alipanda treni ya kwenda Mutshatsha, kutoka hapo akaendelea magharibi, na mara ya mwisho kusikika alikuwa ameshavuka kuingia Angola. Namba zake za simu zilikufa moja baada ya nyingine. Sasa siku ya kutosha matanga, yaani kumvua mjane nguo nyeusi na kumrudisha kati ya watu, ilikuwa imeshapangwa. Katika ukoo wao, tangu siku ya kifo mjane hasuki nywele, na siku hiyo mkono wa kwanza kugusa kichwa chake ni wa mzaliwa wa kwanza. Mkono mwingine haufai.

"Bashemeji banasema mutoto wa pili anaweza kufanya," akasema. "Mi nilikatala. Mutoto wangu asipokuya, nitabakia mu nyeusi mpaka banizike nayo. Lakini ule mutoto alisoma. Siku moja ataandika jina ya baba yake. Akiandika, aone baba yake, asione ile michezo."

Nikamwambia: nipe muda nijue nani katufanyia hivi.

Sikuhitaji muda mrefu. Mashine ya kutafutia huangalia ni akina nani wanaokuelekezea wageni. Ukurasa wa parokia ukiweka kiungo cha kuja kwako, unasema: huyu namjua, mwendeeni. Inakuamini. Lakini wakikuelekezea wageni wachezesha kamari na wauza dawa za uongo, tena kwa maelfu, inasema kumbe huyu ni wa kundi lao, na inakurudisha nyuma kabisa. Sisi tulikuwa na viungo vya namna hiyo kama vumbi la barabara ya machimbo. Nani aliviomba? Hapo nilikumbuka mtaalamu mmoja kutoka Lubumbashi, viatu vinang'aa, aliyemwahidi mwenyekiti wa chama kwamba ataifanya tovuti yetu ijulikane dunia nzima. Aliijulisha kweli. Aliibandika katika kila jalala la mtandao.

Nikapanda teksi-moto, zile pikipiki za abiria, kwenda Kapata, mama mjane nyuma yangu kwenye nyingine, tukamkuta mwenyekiti barazani kwake. Ni mzee aliyekuwa karani, mwenye heshima zake, na chama kizima humwita tata prezida, baba mwenyekiti. Nilimweleza. Akasikiliza huku anatabasamu, kisha akanionyesha simu yake, ambapo yule mtaalamu alimtumia idadi ya wanaotuelekezea watu.

"Angalia bantu!" akasema. "Mu kilio ya nani uliona bantu mingi namna hii?"

Kumbe! Kwa miezi yote ile mzee alikuwa anafurahi. Kwetu, kilio chenye watu wengi ni heshima ya marehemu. Watu hupita nje wakihesabu viti kwa macho, na familia yenye viti vitupu inasemwa mpaka sokoni. Yeye aliona idadi inapanda akafikiri marehemu wetu wanaheshimiwa duniani.

"Tata, hawa hawakuja kulia. Ni wezi."

"Ata mwizi anakuyaka ku kilio. Tunamupatia kiti, anakula, anaenda. Kufukuza mutu ku kilio? Mi? Abakasai ba Kapata batanisema nini?"

Na kweli, ndivyo tulivyolelewa sote mtaa ule. Mlevi anakuja, anapewa kiti. Aliyegombana na marehemu mwaka mzima anakuja, anapewa kiti. Asiyejulikana kabisa, aliyevutwa na harufu ya maharagwe, naye kiti. Lakini hasira ilinipanda.

"Basi mwache mzee wa watu akae katikati ya kamari mpaka kiama!" nikasema, nikasimama kutafuta teksi-moto ya kurudi.

 Mama mjane akanishika nguo, nikaketi.

"Tata prezida," akasema, "ata ku kilio, mutu akianza kuharibu, tunamutosha inje. Si njo vile? Lakini mbele ya kumutosha, tunamuuliza kwanza: weye uko wa nani? Akikosa mwenyewe, anatoka. Basi tutabatosha. Lakini mi nibaone, mumoja mumoja."

"Mama, ni maelfu," nikasema.

"Niko na kazi gani ingine? Niko mu matanga."

Tata prezida akacheka mpaka akafuta macho, na akakubali. Mimi sikucheka, kwa sababu mashine ni yangu na mgongo ni wangu.

Kwa bahati, viungo vingi hutoka nyumba moja, yaani tovuti moja, kwa hiyo nilivipanga kwa nyumba ili tusiangalie kile kile mara mia. Hata hivyo ilikuwa kazi ya punda. Alikuja asubuhi, umeme ukiwepo, na karanga zake za kukaanga zilizofungwa kwenye kitambaa, akaketi palepale. Wateja wakaanza kumsalimia yeye kabla yangu. Nilifungua ukurasa, yeye akasogeza uso.

"Uyu uko wa nani?"

"Hana mwenyewe, mama. Ni kubeti."

"Tosha."

Nikaandika. Tukafungua mwingine. Kuna mmoja ulikuwa na msichana karibu uchi anarusha dadu. Mama akamtazama kwa muda mrefu, kwa huruma kabisa.

"Uyu nguo zake alizipoteza wapi?"

"Mama, tuendelee."

"Mi nauliza tu. Tosha. Lakini Mungu amusaidie."

Nilikuwa nakasirika, sifichi. Peke yangu ningemaliza haraka: naangalia jina la ukurasa, naangalia lugha, nakata. Yeye alitaka kila mmoja aonekane uso. Wale walioacha anwani niliwaandikia kwa adabu, tafadhali ondoeni kiungo chenu, hii ni tovuti ya marehemu. Wachache waliondoa. Wengi hawakujibu. Mmoja alitaka tumlipe ndipo atutoe, nami nikamjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya padri. Waliobaki niliwaweka kwenye faili moja la kupeleka kwa mashine ya kutafutia yenyewe, kuiambia: hawa msiwahesabu, hatuwajui.

Siyo wote waliotolewa. Tulikuta ukurasa wa kwaya moja ya Kananga, umeweka tangazo la mzee na maneno ya pole. "Uyu abakie," mama akasema, akakaa wima kidogo. Tulikuta wacheza mpira wa zamani wa Kapata, sasa wana vitambi huko Ulaya, wamemwandika mzee kama kipa wao wa kwanza. Alicheka siku hiyo, akanisimulia jinsi mume wake alivyokuwa anaogopa mpira wa kichwa. Siku hizo nilianza kumngoja, nikamwekea mto kwenye kiti.

Lakini siku ya kutosha matanga ilikuwa inakaribia, na mashemeji walikuwa wameshaanza kununua unga. Shemeji mkubwa, mdogo wa marehemu, alipita ofisini akaniambia nimwache mama apumzike, mambo ya internet hayamfufui mtu. Mama alimsikia. Akamenya karanga, akaniambia fungua mwingine.

Ule mwingine ulikuwa kwa Kireno. Vichwa vya wanawake, vimepigwa picha kwa nyuma, vichwa kwa vichwa, na chini ya kila picha kiungo kilekile cha kuja kwenye tangazo la mzee. Dalili zote za udanganyifu hizo: lugha ngeni, biashara isiyohusiana, kiungo kimoja kimerudiwa bila aibu. Sikufikiri mara mbili.

"Wauza nywele," nikasema. "Tosha." Na kidole changu kilikuwa kimeshakwenda kwenye mwingine.

Akanikamata mkono.

"Rudisha."

"Mama, umeme utakatika sasa hivi."

"Minasema rudisha!"

Hajawahi kunipandishia sauti tangu nizaliwe. Nikarudisha. Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaweka kidole juu ya kichwa kimoja, akaufuata mstari wa msuko. Wasusi wote ninaowajua huanzia kwenye paji la uso. Huyu alianzia chini kisogoni, akapanda, akazunguka, akamalizia juu ya sikio la kushoto kwa fundo dogo la uzi mweusi. Ngozi ya kichwa changu ilikumbuka kabla yangu. Jumamosi, kwenye ngazi ya nyumba yao Kapata, mimi nimebanwa katikati ya magoti ya mama huyuhuyu, ananivuta mpaka machozi yananitoka, na binti yake wa kwanza ananishikia uzi na kunicheka.

"Ii mukono ni yangu," akasema. "Ilikuwa ya mama yangu, kisha yangu. Nilifundisha mutoto mumoja tu. Mamu wanyi wee!" akamlilia mama yake kwa lugha ya Kasai.

Ndipo niliposoma maneno ya kile kiungo, ambayo sikuwa nimeyasoma kwa haraka zangu. Chini ya kila kichwa yalikuwa yaleyale: jina la mzee, lote, na la babu yake. Hakuna neno lingine.

Mwisho wa ukurasa palikuwa na namba ya wateja. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Akapokea mwanamke, akasema kitu kwa Kireno, kwa furaha ya mtu anayefanya biashara. Nikamsogezea mama simu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Ni mama," akasema.

 Kule upande wa pili nilisikia mlango unafungwa, na makelele ya saluni yakapungua.

"Mama, baba alisema nisikuye," sauti ikasema, kwa Kiswahili cha Kapata ambacho hakikubadilika hata kidogo. "Alisema ata ku kilio yake nisikanyange."

Mama alifumba macho. Alikuwa analijua neno hilo. Familia nzima ilikuwapo mzee alipolitamka, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu maneno ya namna hiyo hayabebwi kwenda kwa jirani. Binti akaendelea, huku analia. Aliliona tangazo mapema, siku chache baada ya mazishi, kabla yule mtaalamu hajalifukia. Hakuwa na ndugu hata mmoja kule wa kukaa naye chini. Basi kila kichwa alichomaliza kusuka alikipiga picha, na chini yake akaandika jina la baba yake, na kulifunga kwenye tangazo.

"Sikukuwa na fasi ya kulilia, mama. Njo nililia pale."

Mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni na kitambulisho chake cha kufotokopi. Nilimwambia aende, na sikumwambia vizuri. Nilikuwa nalia, na silii mbele ya wateja.

"Sikiliza," mama akasema. "Baba yako alienda na hasira yake, iko naye kule, wataongea na Mungu. Huku, mwenye kilio ni mi. Mi njo niko mwenyewe. Sikukufukuza weye. Kuya."

Akanirudishia simu. Kisha akauliza kama zimebaki nyumba nyingi za kuangalia, kwa sababu alitaka tumalize tulichoanza. Tulimaliza. Nilipeleka faili, na baada ya majuma jina la mzee likaanza kupanda, pole pole, mpaka likarudi mahali pake juu, yeye na koti lake. Wenye kamari wakashuka. Kwa sheria za kazi yangu ule ukurasa wa nywele nao ulistahili kukatwa. Kiungo kimoja kikirudiwa hivyo kinamwumiza anayeelekezewa, na najua bado kinatuumiza kidogo. Sijaugusa mpaka leo. Na tata prezida huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyekataza kufukuza wageni, na kwa mara moja katika maisha yangu nimemwachia mtu aseme.

Binti alifika asubuhi yenyewe ya kutosha matanga, viti vimeshapangwa uani, sufuria ziko motoni. Alipitia Mutshatsha, akapata nafasi juu ya lori la makaa, na lori lenyewe ndilo lililomshusha barabarani, nguo na uso vyeusi kuliko vya mjane. Akasimama nje ya uzio. Watu wote tulimwona. Hakuingia, na hakuna aliyejua nani anatakiwa kusema. Aliyetikisika kwanza ni shemeji mkubwa, yuleyule aliyekuja ofisini kwangu. Alinyanyua kiti chake mwenyewe, akatoka nacho nje, akakiweka mbele ya yule mtoto wa ndugu yake, akampangusia kwa shati lake.

"Ikala, mama," akamwambia. "Ulichelewa. Chakula iko."

Alinawa, akanywa maji. Kisha akaketi kwenye ngazi ya juu ya nyumba yao, na mama yake akaketi chini yake, katikati ya magoti, mahali nilipokuwa nakaa mimi. Binti akafungua kile kitambaa. Nywele zilikuwa zimejaa mvi, zimeshikana, ngumu. Akazigawa, akaanzia kisogoni, uzi ukamponyoka, na ilibidi nipande ngazi nimshikie.

"Inauma, mama?"

"Hapana," mama akasema. "Kaza."